Mtoto aanzishwe lugha ya pili akiwa na umri gani? Naomba hoja za wazazi na walimu wa Lamu na Malindi

1. UmmuSalim (Mkomani, Lamu)

Assalamu alaikum wanajukwaa. Mwanangu Salim amefikisha miaka mitatu na nusu, na nyumbani husikia Kiamu pekee, yaani Kiswahili chetu cha Lamu, changu na cha bibi yake. Chekechea tuliyoitembelea inataka aanze Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mwalimu mkuu ametuomba tuache kabisa kusema naye Kiswahili nyumbani ili asichanganyikiwe. Bibi yake amekataa katakata. Anasema mtoto asipewe lugha ya watu kabla hajaikamata ya kwao. Baba yake, ambaye kazi yake iko Malindi, anataka tumwongezee Kitaliano. Mimi naamini kwamba mtoto asipoanza kabla ya miaka saba hataisema lugha hiyo kama wenyewe, na ndiyo sababu naogopa kuchelewa. Je, umri ulio bora hasa ni upi?

2. Mwalimu wa Gede

Wa alaikumu ssalaam, Bi UmmuSalim. Usikubali kucheleweshwa. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na wataalamu wamefika papo hapo kwa njia yao. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba ubongo wa binadamu una kipindi maalumu cha kupokea lugha, na kwamba kipindi hicho kikipita kazi huwa ngumu. Mwaka 1989 Jacqueline Johnson na Elissa Newport waliwapima watu 46, wasemaji wa Kichina na Kikorea, waliohamia Marekani wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 39. Walisikilizishwa sentensi za Kiingereza, nyingine sahihi na nyingine zenye makosa, wakaulizwa ipi ni ipi. Waliofika kabla ya miaka saba walijibu sawa na wazawa. Waliofika baada ya hapo walishuka kadiri umri wao wa kufika ulivyopanda, hadi balehe. Nimefundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu, na ninayoyaona yanalingana na hayo: mtoto anayekuja akiwa ameshazizoea sauti za Kiingereza husoma bila kukwama.

3. Kahindi wa Mambrui

Mwalimu, salamu. Mimi nina kaka ambaye maisha yake hayaingii katika maelezo hayo. Alizaliwa katika nyumba ya Kigiryama, akakutana na Kiswahili alipoanza shule, na Kitaliano alikianza akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akiuza vinyago ufuoni Malindi. Hakukaa darasani hata siku moja kwa ajili ya lugha hiyo. Leo anawatembeza wageni hadi Marafa, anasuluhisha ugomvi wa bei kati ya fundi na mwenye nyumba, na anaandika barua ambazo Waitaliano wenyewe hawazigusi kwa kalamu.

Kinachomshinda ni konsonanti zile zinazokazwa. Akitaka kusema *nonno*, yaani babu, mdomoni hutoka *nono*, ambayo kwao ni "wa tisa". Yuko mama mmoja wa Kitaliano, jirani yetu, ambaye humsimamisha kila mara, akaweka kidole juu ya kidevu chake mwenyewe ili kaka auone ulimi unavyokaa, akamrudishia neno polepole. Bado halijakaa. Kwa hiyo nauliza: tunaposema mtoto "ajue lugha", tunazungumzia matamshi, au tunazungumzia uwezo wa kuishi na kufanya kazi kwa lugha hiyo?

4. Mwanaisimu wa Pwani

Nina marekebisho mawili kwa chapisho la 2. La kwanza, Lenneberg hakutaja miaka saba. Kipindi alichokieleza huanzia kama miaka miwili na kuishia balehe. Miaka saba imetoka katika utafiti wa 1989, na hata huko ni mahali ambapo mteremko unaanza. Hakuna mlango unaofungwa siku hiyo.

La pili ndilo zito zaidi. Wale watu 46 walikuwa wakiishi Marekani, Kiingereza kimewazunguka shuleni, dukani na kwa majirani. Mtoto wa Mkomani anayeimbishwa nyimbo za Kiingereza kwa nusu saa asubuhi, kisha akarudi mtaani, hayuko katika hali hiyo hata kidogo. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Katika mwaka wa kwanza walioongoza kujifunza Kiholanzi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15, na watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa nyuma katika sehemu kubwa ya majaribio. Huko Barcelona, Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8 na walioanza wakiwa na miaka 11. Baada ya saa zile zile za masomo, walioanza wakubwa walikuwa mbele. Uingereza nayo ilijaribu Kifaransa katika shule za msingi, na taarifa ya Clare Burstall ya mwaka 1974 ilionyesha kwamba walipofika miaka 16, walioanza na miaka 8 hawakuwa wamebakiwa na faida kubwa juu ya walioanza na miaka 11, isipokuwa kidogo katika kusikiliza.

5. Maalim wa Langoni

Nataka kumjibu Bwana Kahindi kwa yale ninayoyaona chuoni, yaani katika madrasa yangu ya Qurani. Watoto huletwa kwangu wakiwa na miaka minne au mitano. Hukaa mkekani, juzuu ya Amma imewekwa juu ya marufaa, mimi nasema na wao wanarudia. Binti wa miaka mitano hutofautisha ha inayotoka katikati ya koo, kama ile ya *alhamdu*, na ha inayotoka ndani kabisa, bila ya mimi kumweleza chochote kuhusu koo wala kifua. Jioni ninafundisha darasa la akina mama, na wengine walianza wakiwa wamevuka arobaini. Hao hushika kanuni za tajwidi, yaani za kuitamka Qurani sawasawa, upesi mno. Wakiulizwa herufi fulani hutokea wapi, watakuonyesha. Lakini wafikapo mwisho wa Alfatiha, pale penye *dhwad*, ulimi hurudi kwenye Kiswahili, na wao wenyewe wanasikia kwamba umerudi.

Sasa mwulize yule binti maana ya aliyoyasoma. Hajui, na wala hajaona haja ya kujua. Akina mama huanza kuuliza maana tangu darasa la pili, na baada ya mwaka wanaweza kuifuata aya fupi kwa kuielewa. Umri uliomsaidia mtoto katika herufi haukumsaidia katika maana.

6. Mzazi wa Mokowe

Shukrani Maalim. Mimi nina la kuongeza. Binti yangu ana miaka minne, na Kiingereza amekipata katika simu, kwa katuni za YouTube, wala sikumlipia mtu. Rangi anazitaja zote na anahesabu hadi ishirini. Babake akiwa zamu bandarini, mimi nikiwa jikoni, yeye anasoma. Kwa nini mzazi alipe karo ya chekechea ya gharama kwa kitu ambacho simu inakitoa?

7. Mwalimu wa Gede

Dada wa Mokowe, tahadhari. Patricia Kuhl na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, walichapisha mwaka 2003 jaribio la watoto wachanga wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilicheza na kusomewa vitabu na msemaji wa Kichina aliyekaa nao chini, ana kwa ana. Makundi mengine yalipata Kichina kile kile kwa televisheni au kwa sauti tupu. Waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakupata kitu.

Tena tujue kwamba mtoto wa miezi sita hadi minane husikia tofauti za sauti za lugha nyingi za dunia, na anapokaribia mwaka mmoja uwezo huo huwa umeshaanza kupungua kwa sauti ambazo nyumbani hazisikiki. Hayo ndiyo anayoyasema Maalim kuhusu herufi. Kwa upande wa sauti, miaka mitatu na nusu ya Salim si mapema. Ni katikati ya safari.

8. Mwanaisimu wa Pwani

Jaribio la 2003 umelieleza vizuri, ila lilikuwa la watoto wachanga na lilipima sauti. Mtoto wa miaka minne anaweza kuokota maneno kutoka kwenye skrini, hasa mtu mzima akikaa kando yake na kumwuliza anachokiona. Kuokota majina ya rangi, hata hivyo, hakujampa uwezo wa kuomba maji au kubishana na mwenzake, na huo ndio mwanzo wa lugha. Na wewe Mwalimu, ukiendelea kushusha umri kwa kasi hii utatuamuru tuanze kabla mzazi hajatoka arobaini.

9. Binti Faza

Ninasoma uzi huu tangu jana na kuna jambo limenikaa moyoni. Kila anayejibu anauliza lugha ya pili ianze lini, na hakuna aliyegusa lile ombi la mwalimu mkuu, kwamba lugha ya nyumbani isimame.

Mimi nimezaliwa Faza na lugha yangu ni Kibajuni. Dada yangu alihamia Mombasa, na kwa nia njema kabisa aliwalea wanawe kwa Kiingereza na Kiswahili cha shule. Mama yetu huwatumia wajukuu ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Watoto huufungua, husikiliza, kisha humpa mama yao simu awafasirie. Mkubwa wao alikuwa akisema Kibajuni vizuri sana hadi alipofika miaka mitano. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimsikia. Leo hajibu hata salamu.

Nimesoma kuhusu utafiti wa Christophe Pallier na wenzake, uliotoka Ufaransa mwaka 2003. Waliwachunguza watu wazima waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 8. Waliposikilizishwa Kikorea hawakukitambua miongoni mwa lugha nyingine walizozisikia, na picha za ubongo hazikuonyesha tofauti kati yao na Wafaransa wa kuzaliwa. Watoto hao walikuwa tayari wanaongea walipoondoka kwao. Kwa hiyo umri ule ule tunaosifu kwamba ni mwepesi wa kupokea ni mwepesi pia wa kupoteza. Bi UmmuSalim, nakuomba kama dada: hilo la kunyamazisha Kiamu nyumbani usilikubali, liwe limetoka kwa nani.

10. Mkaguzi Mstaafu (Malindi)

Wanangu, nawasalimu wote. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa shule katika pwani hii, na mjadala huu ni mkongwe kuliko wengi wenu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa Nairobi mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia, na baada ya uhuru ukaenezwa katika shule nyingi za Kenya. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ikapendekeza kwamba miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na Kiingereza kishike nafasi tangu darasa la nne. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Mtaala wa umilisi tulio nao sasa umelibakiza wazo lile la lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Katika karatasi, basi, bibi yake Salim anakubaliana na serikali; katika shule nyingi mambo ni mengine.

Ninayoyaamini ni kwamba umri tumeubebesha mzigo usio wake. Niliwahi kuingia katika darasa la awali ambalo lilisifiwa kwa Kiingereza. Ukutani palikuwa na chati ya wanyama, mwalimu akigusa kila picha kwa fimbo, na watoto wakiitikia kwa sauti moja, bila kosa. Niliomba fimbo nikaanza na picha ya mwisho kurudi ya kwanza. Walitaja majina kwa mpangilio ule ule wa awali, na ng'ombe akaitwa kuku. Walikuwa wamehifadhi wimbo. Mwalimu yule alikuwa mpole na mwenye bidii, lakini Kiingereza chake mwenyewe kiliishia kwenye chati.

Linganisheni na mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa. Watoto walisoma masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na Kiingereza wakakipata kama somo, kwa mwalimu aliyekijua barabara. Mwishoni hawakuwa nyuma ya wenzao kwa Kiingereza, na katika masomo mengine walikuwa mbele. Nani anafundisha, na mtoto anafikiri kwa lugha gani wakati anafundishwa: hayo kwangu yanatangulia umri.

11. Kijana wa Shela

Mzee, heshima zako. Lakini lugha rasmi ya nchi ni Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na wenye hoteli hapa Shela wanaajiri kwa Kiingereza. Mtoto akicheleweshwa hadi darasa la nne atashindana vipi na mtoto wa Nairobi aliyeanza akiwa na miaka miwili?

12. Mkaguzi Mstaafu (Malindi)

Mwanangu, soma Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010: lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ni lugha ya taifa pia. Hofu yako ya mitihani ninaielewa, kwa kuwa ni ya kweli.

13. Baba Mwanaisha

Mimi huwa msomaji tu, ila leo nitaandika. Binti yangu alizaliwa kiziwi. Tulipotambua alikuwa ameshapita miaka miwili, na ushauri tulioupata ulikuwa tusubiri, tusimfundishe ishara, kwa sababu huenda zikamzuia kusema. Tukasubiri. Lugha ya Ishara ya Kenya aliipata alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo alikuwa akinivuta mkono hadi kwenye kitu anachokitaka, na kitu kisipokuwapo mbele ya macho hakuwa na njia ya kunieleza. Kuhusu jana hakuweza kuniambia lolote.

Baadaye nilijua kwamba Rachel Mayberry na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa watu wazima viziwi waliojifunza lugha ya ishara ya Marekani wakiwa wameshakua kiasi. Wale waliokuwa wamesikia na kusema lugha yoyote utotoni, kisha wakapoteza usikivu, walijifunza vizuri ingawa walichelewa. Wale ambao hawakuwa na lugha kamili ya aina yoyote katika miaka ya mwanzo ndio waliobaki nyuma, na walibaki nyuma katika lugha zote walizojaribu baadaye. Kwa maana hiyo kinachosukumwa na saa ni lugha ya kwanza. Aliyekwisha kuwa na moja ana pa kuanzia.

Namwunga mkono bibi yake Salim. Na mzazi yeyote wa Lamu au Malindi mwenye mtoto asiyesikia, tafadhali asingoje.

14. UmmuSalim (Mkomani, Lamu)

Nawashukuru nyote, na Baba Mwanaisha Mungu akulipe kwa kuandika. Naomba kuuliza kwa upande mwingine. Baba yake Salim hupiga simu kila jioni. Ikiwa mimi na bibi tutaendelea na Kiamu, na yeye akasema naye Kitaliano au Kiingereza pekee, mtoto hatachelewa kusema? Tayari nasikia anachanganya maneno anayoyapata kwa binamu zake.

15. Mwanaisimu wa Pwani

Kuchanganya si dalili ya kuvurugikiwa. Mtoto wa lugha mbili hutumia neno alilo nalo, na wakubwa wa pwani hii hufanya vivyo hivyo mchana kutwa. Ukihesabu maneno ya lugha moja pekee utaona ana machache kuliko mwenzake. Ukijumlisha ya lugha zote mbili mara nyingi pengo huondoka. Utaratibu wa kila mzazi na lugha yake ni wa zamani: Jules Ronjat aliuandikia mwaka 1913 kuhusu mwanawe Louis, aliyelelewa kwa Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama.

Jambo la kuangalia liko mbele zaidi, shuleni. Jim Cummins, aliyefanya kazi na watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alieleza kwamba lugha ya kuzungumza na wenzako huchukua takriban miaka miwili kuikamata, wakati lugha ya kusomea hisabati na sayansi huweza kuchukua miaka mitano hadi saba. Wazazi humsikia mtoto akicheza kwa Kiingereza wakadhani kazi imekwisha, na darasani anapokea nusu ya anachoambiwa.

16. Kahindi wa Mambrui

Nyumba ya Ronjat ilikuwa na watu watatu na utulivu. Njoo kwetu Mambrui: mama anasema Kigiryama, shangazi aliyeolewa mjini anasema Kiswahili, jirani ni Mbajuni, na kaka yangu yuko kwenye simu na Mtaliano, yote katika ua mmoja. Hakuna aliyegawa lugha kwa watu, na watoto wanajua nani aongeleshwe nini.

Nadhani kinachomsaidia mtoto ni kwamba hana aibu. Anakosea mbele ya watu kumi na anaendelea kucheza. Mtu mzima akichekwa mara moja hunyamaza mwezi mzima. Kaka yangu alijifunza akiwa mkubwa kwa sababu ufuoni ukiona aibu hulali umeshiba. Hata ule utafiti mkubwa wa mwaka 2018, wa Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, uliowapima watu karibu 670,000 kwa intaneti, ulikuta kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki juu hadi kama miaka 17. Hapo ndipo watu wengi huacha shule na kuingia kazini. Huenda ni maisha yanayobadilika, wala si ubongo.

17. Mwalimu wa Gede

Bwana Kahindi, utafiti huo huo umeusoma nusu. Walieleza pia kwamba anayetaka kufikia kiwango cha mzawa inafaa aanze kabla ya kama miaka 10, kwa sababu safari yenyewe ni ndefu na inahitaji miaka mingi kabla ya hiyo 17 kufika. Ukiuchukua mzima, unaniunga mkono mimi. Kaka yako ninamheshimu, na barua zake nazikubali, lakini *nonno* bado hajaipata.

18. Mzazi wa Mokowe

Nilichojifunza kuhusu simu nimekichukua, na jana nilikaa na binti yangu tukatazama pamoja. Aliuliza maswali mengi kwa Kiswahili kuhusu katuni ya Kiingereza. Nina jambo jingine. Kabla ya gati la kwanza la bandari ya Lamu kufunguliwa Mei 2021, mume wangu alifanya kazi na mafundi wa Kichina. Alijifunza kuagiza saruji, kusema pole na kusalimia. Akisema neno, Wachina humtazama midomo na kukisia, kwa kuwa sauti ikipanda mahali pa kushuka neno huwa jingine. Binti yetu humwigiza babake, na mgeni mmoja alisema mtoto anaipandisha sauti vizuri kuliko yeye. Je, hilo halimpi nguvu Mwalimu wa Gede?

19. Maalim wa Langoni

Linampa nguvu katika sauti, dada yangu, na hapo hakuna aliyempinga. Lakini mume wako aliagiza saruji na saruji ikaja.

20. Mkaguzi Mstaafu (Malindi)

Kahindi anasema aibu, Mwalimu anasema ubongo, Baba Mwanaisha anasema lugha ya kwanza, na kila mmoja ana mtu wa kumwonyesha. Mimi nitawaongezea ugumu. Katika shule za Mpeketoni niliwaona watoto walioanza shule wakiwa na Kikuyu pekee, wakakuta Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja darasani. Baada ya muhula mmoja walikuwa wakisema Kiswahili na wenzao uwanjani, na Kiingereza kilikuwa bado hakijatoka. Umri ni ule ule, ubongo ni ule ule, aibu ni ile ile, na lugha zote mbili zilikuwa ngeni kwao. Kilichotofautiana ni kwamba Kiswahili kilikuwa na watoto wa kucheza nao.

21. Binti Faza

Mzee umenigusa. Ndivyo Kibajuni kilivyowatoka wana wa dada yangu: hawakuwa na mtoto mwenzao wa kucheza naye kwa lugha hiyo Mombasa, walikuwa na bibi wa simu tu. Likizo ya Agosti nimeomba waje Faza wakae na binamu zao.

22. UmmuSalim (Mkomani, Lamu)

Nimezungumza na bibi yake na baba yake, na tumekubaliana kwa mwaka huu. Nyumbani Kiamu kinabaki. Chuoni kwa Maalim ataanza baada ya kutimiza miaka minne. Baba atasema naye Kiingereza kwenye simu za jioni, kwa kuwa Kitaliano chake mwenyewe ni cha kuokoteza, na nimemwambia waziwazi. Tumepata chekechea nyingine, ya mtaani, ambayo mwalimu wake anafundisha kwa Kiswahili na ana kipindi cha Kiingereza kila siku. Nilikaa nyuma ya darasa nikasikiliza, na aliwauliza watoto maswali ambayo hayakuwa na jibu la kuitikia pamoja.

23. Mwalimu wa Gede

Nakutakia kheri, na la chuoni naliunga mkono kwa moyo wote. La chekechea sijakubaliana nalo. Kipindi kimoja kwa siku ni kidogo mno kwa mtoto ambaye mtaani kwake hakuna anayesema Kiingereza, na Mwanaisimu mwenyewe alituonyesha katika chapisho la 4 kwamba nusu saa haitoshi. Akifika darasa la nne, masomo yote yatageuka kwa mkupuo.

24. Baba Mwanaisha

Mwalimu, chapisho la 4 lilisema pia kwamba walioanza shuleni wakiwa na miaka 11 waliwapita walioanza na 8 kwa saa zile zile. Ikiwa saa ni chache hata hivyo, kwa nini zitumike akiwa na miaka mitatu, badala ya kuzilundika akiwa na tisa?

25. Mwalimu wa Gede

Kwa sababu akiwa na tisa hakuna shule itakayomlundikia. Mwalimu wa darasa la nne atakuwa na watoto sitini na silabasi ya masomo mengine yote. Wale wa Barcelona walipewa saa zao.